Kadi ya Hilux inasema 1998, gari lenyewe linasema vingine: naagizaje gasketi sahihi?

BintiMakambako aliandika:

Wakuu, habarini za jioni. Naomba mnisome hadi mwisho, maana nimeshapoteza hela mara moja na sitaki kurudia.

Nina pikapu ya Toyota Hilux, kebini moja, dizeli, fowili. Ni ya marehemu baba. Aliinunua mnadani Iringa mwaka 1998. Kabla ya hapo ilikuwa gari la mradi wa wafadhili, ikitembea na namba za DFP, na mpaka leo jua likiwa linazama unaona mlangoni kivuli cha maandishi yaliyokwanguliwa. Baba aliibebea mbao, mimi naibebea viazi. Ndiyo inayosomesha wanangu wawili, kwa hiyo sioni aibu kusema naipenda.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa natoka Morogoro na mzigo wa duka. Katikati ya mlima wa Kitonga nikaona mshale wa joto umepanda. Nikaanza kutafuta pa kuegesha, na kabla sijapata, mvuke ukatoka kwenye boneti. Hozi ya juu ya rejeta ilikuwa imechanika upande wa chini, pale ambapo jicho halifiki. Nikazima, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikakaa pembeni na malori yananipita. Tukavutwa mpaka Ilula, kesho yake mpaka nyumbani. Fundi alipofungua hedi, ile sehemu ya juu ya injini, akakuta gasketi inayoziba kati yake na bloku imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu. Hedi ikapelekwa Iringa, ikapimwa nyufa, Mungu akasaidia haikuwa imepasuka, ikasawazishwa kwenye mashine.

Tatizo langu linaanzia hapo. Nilimtumia binamu yangu wa Dar picha ya kadi ya gari, akaenda nayo kwenye duka la spea mtaa wa Gerezani. Muuzaji akasoma: Hilux, dizeli, mwaka wa kutengenezwa 1998. Akasema Hilux dizeli ya 1998 ina injini ya 5L, akatoa gasketi ya 5L. Ikapandishwa basi la usiku, asubuhi nikaipokea stendi.

Fundi akaiweka juu ya bloku. Matundu ya bolti yakakaa. Nikainama na tochi kuangalia kwa karibu, nikaona kila silinda imezungukwa na utepe wa chuma kitupu, upana kama unene wa sarafu, kati ya ukingo wa silinda na pete ya gasketi. Yaani tundu la gasketi ni kubwa kuliko silinda, na ni hivyo kwa zote nne. Fundi akasema, "Dada, inaingia tu, tufunge." Nikakataa. Mimi si fundi wa magari, lakini nimeshona nguo miaka kumi na miwili, na kola isiyokaa shingoni huwa naijua kabla haijapita kwenye cherehani.

Muuzaji amegoma kuirudisha. Anasema aliuza kilichoandikwa kwenye kadi, na kwa kweli hapo hajadanganya.

Sasa naomba mnisaidie: gari hili ni la mwaka gani hasa? Ninachokijua ni hiki. Kwenye kadi, mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kuandikishwa yote ni 1998. Grili ya mbele si yake, ilibadilishwa 2006 baba alipogonga ng'ombe njia ya Mafinga. Dashibodi ina taa ya T-BELT. Mbele ina springi za majani kama nyuma. Kila ninayemuuliza ana mwaka wake: mmoja 1989, mwingine 1995, na jirani yangu dereva mstaafu anaapa kwamba ni ya miaka ya mwisho ya Mzee Mwinyi.

Hedi iko sebuleni kwangu, imefungwa kwenye shuka. Viazi viko shambani vinasubiri.

Kijana_wa_Mbezi alijibu:

Pole sana dada. Mbona rahisi. Tafuta namba ya VIN, ile ya utambulisho wa gari, hesabu mpaka herufi ya kumi. Hiyo ndiyo mwaka. P ni 1993, S ni 1995, W ni 1998. Kuna tovuti kibao, unaingiza namba zote 17 inakuletea kila kitu.

FundiKihesa alijibu:

Dada pole kwa safari ya Kitonga, na hongera kwa kumkatalia fundi. Ungefunga ile gasketi ungekuwa unafungua tena ndani ya mwezi, pengine na hedi imekwisha.

Kijana wa Mbezi ameandika kwa nia njema, ila njia hiyo ni ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani. Huko ndiko herufi ya kumi inabeba mwaka. Toyota zilizoletwa huku kwetu, hata zenye namba 17, ukihesabu mpaka ya kumi utakuta sifuri tu. Sifuri hiyo haimaanishi chochote kuhusu mwaka. Na Hilux nyingi za umri wa hii yako hazina hata hizo 17; zina jina la mfano, kistari, halafu tarakimu saba. Ukiingiza namba ya namna hiyo kwenye tovuti ya Kimarekani itakukataa, au mbaya zaidi itakupa jibu la uongo.

Mimi nimefungua hizi Hilux tangu nikiwa mwanafunzi wa gereji, na ninachokuomba ni kwamba weka kadi pembeni kwanza. Kadi iliandikwa na mtu aliyekaa mezani, tena miaka mitano au kumi baada ya gari kutoka kiwandani. Gari la mradi likiuzwa mnadani, karatasi zake za kwanza mara nyingi zimeshapotea, na mwaka unaoandikwa ni ule wa siku hiyo. Nimeona kadi za namna hiyo nyingi sana.

Fungua boneti. Kwenye ukuta unaotenganisha injini na kebini kuna kibati cha aluminiamu. Kitakuwa kimejaa mafuta na vumbi, basi chukua mswaki wa zamani na dizeli kidogo, usugue taratibu, usitumie msasa maana utafuta maandishi. Utaona mistari: MODEL, ENGINE, FRAME NO., rangi na kitambaa cha viti, halafu TRANS/AXLE. Niandikie yote kama yalivyo, herufi kwa herufi.

Kwa maelezo yako, springi za majani mbele, kebini moja, fowili, dizeli, mimi natarajia utakuta LN106. L ni familia ya injini za dizeli za L, N ni Hilux, 106 ni toleo. Herufi inayofuata ikiwa R, usukani ni wa kulia tangu kiwandani. Kizazi hicho kilianza 1988 na kikaendelea mpaka 1997 kilipoingia kingine. Kwa hiyo hata kabla hujasugua kibati, 1998 ya kwenye kadi inanitia shaka.

Halafu nenda kwenye injini yenyewe, usiiamini kwa kusoma kibati tu. Injini za familia hii zinafanana kwa nje kama ndugu wa tumbo moja, na mafundi wamekuwa wakizihamisha miaka yote: injini ya Hiace ya daladala inaishia kwenye Hilux, ya Hilux inaishia kwenye Hiace. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku na inaanza na jina lake: 2L, 3L au 5L. Kwa kuwa hedi yako iko chini, una bahati ambayo wengine hawana. Chukua vernia, ile rula yenye taya za kubana, upime kipenyo cha silinda. 2L ni milimita 92, injini ya cc 2446. 3L ni 96, cc 2779. 5L ni 99.5, cc 2986. Ule utepe wa chuma uliouona ni tofauti ya milimita tatu na nusu kati ya 3L na 5L, ikigawanyika pande mbili, pamoja na ile nafasi ndogo ambayo kila gasketi huwa nayo. Mimi nakuambia hiyo ni 3L, lakini usiagize kwa neno langu, pima.

Ukishapata namba ya chesisi nenda nayo kwa wakala wa Toyota, au kwa duka lolote lenye katalogi ya kompyuta. Wataingiza LN106 na tarakimu zake, na katalogi itatoa mwezi na mwaka gari lilipotoka kiwandani. Huo mwezi una kazi. Katalogi haisemi "Hilux ya 1991". Inasema spea hii ni ya kuanzia mwezi fulani wa mwaka fulani mpaka mwezi fulani wa mwaka fulani, na mara nyingi mabadiliko yanaanguka katikati ya mwaka. Magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kuwa na silinda za breki tofauti.

Jambo moja nje ya swali lako, kwa sababu lilimkuta mteja wangu na likamgharimu. Siku utakayotaka difu, usinunue kwa mwaka wala kwa macho. Herufi na namba za pale kwenye AXLE zinaeleza ukubwa wa difu na uwiano wake. Kama ilishabadilishwa, hesabu meno: 41 kwa 9 ni 4.556, na 43 kwa 10 ni 4.3. Yeye alifungiwa difu ya nyuma yenye uwiano tofauti na ya mbele. Kwa tairi mbili hakuhisi kitu. Siku alipoweka fowili kwenye barabara ngumu, ekseli ya mbele na ya nyuma zikaanza kushindana, transfa ikavunjika.

Mwalimu_Nakuru alijibu:

Hujambo dadangu, salamu kutoka Nakuru. Naongezea yangu kwa sababu tatizo hili halina mpaka.

Hapa kwetu watu husoma mwaka kwenye namba ya gari. Namba za KAA zilianza 1989, basi mtu akiona herufi ya tatu anahesabu vidole na kukuambia mwaka. Lakini hiyo ni siku gari liliposajiliwa. Hilux nyingi za zamani ziliunganishwa Mombasa kutokana na vipande vilivyoletwa kwa meli. Vipande vikae bandarini, gari liunganishwe, likae kwa muuzaji, ndipo lipate logbuku. Yangu ilipishana na katalogi kwa zaidi ya mwaka, na makanika wangu alikuwa ameniletea presha pleti mbili zisizofaa kabla hatujajua.

Mambo mawili yaliyonisaidia mimi.

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, kisha angalia chini kabisa unakofungwa kwenye bodi. Kwa kawaida kuna kitambaa kidogo kilichoshonwa, chenye jina la aliyeutengeneza mkanda na tarehe. Mkanda hutengenezwa muda mfupi kabla ya gari, na ni nani huhangaika kubadilisha mkanda wa pikapu? Vilevile geuza vipande vya plastiki vya ndani, kifuniko cha dashibodi kwa mfano, upande usioonekana. Vingine vina duara dogo lenye namba na mshale katikati, alama ya mwaka na mwezi kipande kilipotoka kwenye kalibu. Kipande kimoja peke yake si ushahidi, huenda kilitoka gari lingine. Vikikubaliana vitatu au vinne, hapo unaweza kukaa chini.

La pili ni namba ya chesisi. Imegongwa kwenye chesisi yenyewe, upande wa kulia mbele, usawa wa gurudumu. Kunja usukani kushoto upate nafasi. Piga brashi ya waya, pangusa, halafu chukua chaki, mimi ni mwalimu chaki haziniishi, upake juu yake na kufuta kwa kiganja. Unga mweupe unabaki ndani ya michoro na namba zinasomeka hata jioni. Ilinganishe na ile ya kwenye kibati. Zisipolingana, bodi na chesisi ni za magari mawili, na utalazimika kuagiza spea za chini kwa namba moja na za bodi kwa nyingine.

Kuhusu grili: nembo ya Toyota ya duara tatu zinazopishana ilianza Oktoba 1989. Gari lenye nembo hiyo tangu kiwandani haliwezi kuwa la 1988. Lakini wewe umeshasema grili si yake, kwa hiyo iache.

BintiMakambako aliandika:

Asanteni sana. Nimefanya yote jana na leo asubuhi, naandika mikono bado inanuka dizeli.

Kibati kilikuwepo. Nilikuwa nimefungua boneti ile miaka yote hii kuangalia maji na oili na sikuwahi kujua pana maandishi. Nilidhani ni kiraka. Nimesugua na mswaki wa mwanangu wa zamani. Kwanza ilitoka ENGINE, pembeni yake 3L na 2779 CC. Halafu MODEL, inaanza LN106R. Namba ya chesisi ni LN106-00 na tarakimu tano nyingine ambazo sitaziweka hapa.

Ya kwenye chesisi imechukua muda. Tope la miaka ishirini na kitu limeganda na oili, limekuwa kama lami. Mwanangu mkubwa alishika tochi, mimi nikakwangua kwa bisibisi na brashi ya waya. Nikapaka chaki kama alivyoelekeza Mwalimu. Nilipofuta kwa kiganja zikajitokeza moja moja, mwanangu anazisoma kwa sauti na mimi nalinganisha na karatasi. Zimelingana zote. Sijui niwaelezeje, ila nilifurahi kama nimekuta barua. Baba alikuwa akisema kila siku kwamba gari hili halijawahi kukatwa, na mimi nilikuwa nikidhani ni mapenzi tu.

Mkanda wa dereva una kitambaa, lakini kimechakaa, kinasomeka jina tu. Wa abiria, ambao hakuna aliyewahi kuufunga, uko kama mpya. Umeandikwa 93.

Silinda: nimepima mwenyewe na vernia ya fundi seremala, fundi wangu akapima tena. Zote nne 96 na nywele. Namba kwenye bloku inaanza na 3L. Kwa hiyo injini ndiyo ile ile ya kwenye kibati.

Kesho nakwenda mjini kwa watu wenye katalogi. Je, nikishapata namba ya gasketi ya 3L, kuna kingine cha kuangalia, au nitume hela tu?

FundiKihesa alijibu:

Usitume hela bado. Umefanya kazi nzuri kuliko mafundi wengi ninaowajua, na hatua iliyobaki ndiyo wengi wanairuka.

Gasketi ya hedi ya 3L haiji ya aina moja. Inakuja na unene wa aina tatu, zimepewa herufi B, D na F, na pembeni ya gasketi kuna vikato vya kutofautisha. B ndiyo nyembamba, F ndiyo nene. Unene unachaguliwa kwa kuangalia pistoni inachomoza kiasi gani juu ya uso wa bloku inapofika kileleni. Hapa mwaka haukusaidii, kadi haikusaidii, hata namba ya chesisi haikusaidii, kwa sababu hicho ni kipimo cha bloku yako peke yake.

Mwambie fundi wako aazime geji ya mshale. Asafishe kaboni juu ya pistoni na uso wa bloku mpaka chuma kionekane. Aisimamishe geji kwenye uso wa bloku, aweke sifuri, aipeleke juu ya pistoni, azungushe kranki taratibu kwa spana mpaka mshale ufike mwisho kabla haujaanza kurudi. Aandike. Afanye hivyo kwa pistoni zote nne, na anayeamua ni ile iliyochomoza zaidi. Asichukue wastani. Ukifunga nyembamba mahali pa nene, pistoni inaikaribia hedi kupita kiasi na utasikia inagonga. Ukifunga nene mahali pa nyembamba, kompresheni inashuka na asubuhi ya baridi ya huko kwenu Makambako utaimaliza betri kabla haijawaka.

Kama gasketi iliyoungua bado ipo, angalia vikato vyake. Ikiwa ni ile ya kiwandani itakuonyesha walichochagua Japani, na kipimo cha leo kinatakiwa kukubaliana nacho kama pistoni hazijabadilishwa.

Na kwa kuwa umeshafungua, badilisha taimingi belti. Ile taa ya T-BELT imewekwa iwake kila kilomita 100,000 kwa sababu hiyo hiyo, na belti ikikatika kwenye injini hizi, pistoni na vali zinakutana. Kwa aliyenusurika Kitonga itakuwa huzuni kubwa kupotezea injini kwenye belti.

MuuzaSpea_G alijibu:

Dada, mimi nauza spea Gerezani. Si duka lililokuuzia, lakini nimesoma huku naumia, maana na mimi naulizwa kila siku, "Nipe ya Hilux ya 98," na nikimwuliza mteja namba ya chesisi ananiona namsumbua.

Nikuambie namna ya kuongea na sisi ili tusikukosee. Namba ya spea ya Toyota ni tarakimu tano, kistari, halafu tano nyingine. Tano za mwanzo ni jina la kitu. 11115 ni gasketi ya hedi. 04111 ni seti nzima ya gasketi za injini, 04112 ni seti ya upande wa hedi. 13568 ni taimingi belti. 31250 ni klachi pleti, 31210 ni presha pleti. Baada ya kistari, tarakimu mbili za kwanza mara nyingi zinaonyesha familia ya injini. Za L ni 54. Kwa hiyo ukiona 11115-54, ujue umeshika gasketi ya hedi ya familia ya L, lakini bado haijakuambia ni 2L, 3L au 5L, wala ni B, D au F. Hayo yako kwenye tarakimu tatu za mwisho, na ndiyo maana namba lazima iwe kamili, isomwe kutoka kwenye katalogi.

Hata kama hutanunua ya Toyota yenyewe kwa sababu ya bei, mpe muuzaji namba ya Toyota. Watengenezaji wengine wana namba zao, ila wana vitabu vya kulinganisha. Mwombe akupigie picha ya gasketi yenyewe nje ya boksi, ikiwa na rula juu ya tundu la silinda, na picha nyingine ya pembeni inayoonyesha vikato. Muuzaji anayejua kazi yake hatakukatalia picha mbili.

Kijana_wa_Mbezi alijibu:

Nimejifunza, fundi. Nimeenda kuangalia Toyota ya mzee wangu, ya kumi kweli ni sifuri. Samahani dada kwa kukuelekeza vibaya.

BintiMakambako aliandika:

Kijana, hukunikosea, ulikuwa wa kwanza kunijibu usiku ule na nililala nikijua siko peke yangu.

Narudisha majibu kwa ajili ya atakayekuja kutafuta baadaye. Katalogi imesema Machi 1993. Jirani yangu dereva mstaafu amefurahi kuliko mimi, anatembea mtaa mzima akisema si niliwaambia ni ya Mwinyi. Maana yake baba aliinunua ikiwa na miaka mitano, na kadi ikaipunguzia umri wote huo kwa mstari mmoja.

Geji ya mshale tuliikosa Makambako, tukaazima Njombe kwa fundi wa matrekta. Pistoni ya tatu ndiyo iliyochomoza zaidi, na kipimo kikaangukia D. Gasketi iliyoungua nilikuwa nimeitupa nyuma ya choo. Nikaenda kuitafuta, nikaiosha, na yenyewe ni D. Kuona vitu viwili vilivyopishana miaka yote hiyo vinakubaliana kulinipa amani ambayo sikuwa nayo tangu Kitonga.

Nilituma namba kamili, binamu akapiga picha na rula kama alivyoshauri muuza spea, gasketi na belti vikaja kwa basi. Tulipoiweka juu ya bloku nilipiga magoti tena na tochi. Safari hii pete ya gasketi ilifuata ukingo wa silinda pande zote, kaufa kembamba tu kanakotosha ukucha. Fundi akaniangalia, hakusema kitu, akaanza kupanga bolti.

Imewaka juzi saa kumi jioni. Hozi zote za rejeta ni mpya. Jana nimepeleka magunia kumi na mawili Njombe na kurudi, mshale haujapita nusu.

Nimeandika LN106R, 3L, 03/1993 na D kwa rangi nyeupe ndani ya boneti, chini ya kibati, na fundi nimemwambia asiifute.

Gasketi ya 5L bado ninayo, haijafungwa, iko kwenye boksi lake. Vikato vyake ni vya B. Kama kuna mwenye 5L kati ya Iringa na Mbeya anayehitaji, nitaiachia kwa nusu ya bei niliyonunulia. Lakini apime pistoni zake kwanza, aje na kipimo.